Una volti na ampea mkononi? Hivi ndivyo unapata omu na wati, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu. Hii naiandika kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki, mtu anauliza "nina volti 12 na ampea 1.7, hapo ni wati ngapi?", mwingine "balbu nimeipima imeleta omu sifuri pointi kitu, ina maana ina shoti?", na juzi mmoja kanitumia picha ya mita imeyeyuka pembeni, alikuwa anataka kujua ampea za soketi ya ukutani akachomeka vijiti viwili vya mita moja kwa moja. Huyo ndo amenifanya nikae niandike vizuri maana angeweza kuunguza mkono na macho.

Kwa asiyejua kabisa: volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ukinzani wa kifaa, na wati ni nguvu kinayotumia. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, kuzidisha na kugawanya basi. Kinachoangusha watu ni namba wanazoingiza kwenye hesabu. Volti kaisoma kwenye lebo, ampea kapima leo jioni, omu kapima kifaa kikiwa kimezimwa, halafu anashangaa mbona hazikubaliani. Kwa hiyo shika hili kabla hata hujashika mita: volti na ampea ziwe za kifaa kilekile, wakati uleule, kikiwa kinafanya kazi. Makosa kadhaa nitakayotaja huko chini yanatokea mtu akilisahau hilo.

Vitu vya kuwa navyo

- Multimita. Ile ndogo ya bei chee ya DT830D inatosha kabisa kwa mazoezi ya betri. Ila jua mapema kwamba haipimi ampea za AC, yani za umeme wa ukutani. Zile alama za ampea unazoziona pale ni za DC tu, yani za betri.
- Klempu mita (ile yenye taya ya kubana waya ikasoma ampea bila kukata njia), kama unataka kufika kwenye jagi la umeme, pasi, hita na vitu vya ukutani. Kama huna, usilazimishe, nitakupa njia ya pembeni ya kutumia mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla.
- Betri ya volti 12, ya pikipiki, ya gari au ya sola.
- Balbu ya gari ya volti 12 wati 21, ile ya indiketa. Inapatikana duka lolote la spea.
- Fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake cha waya.
- Vipande vya waya, tepu, bisibisi, na daftari. Daftari ni la lazima, namba za kichwani hudanganya.

Fomula, ni mbili tu

omu = volti ÷ ampea

wati = volti × ampea

Ya kwanza inaitwa kanuni ya Ohm, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyeichapisha mwaka 1827. Ukizichanganya hizo mbili unapata nyingine mbili ambazo utazihitaji baadaye:

wati = ampea × ampea × omu

wati = volti × volti ÷ omu

Nadharia inaishia hapo, tuingie kazini.

Hatua 1: Anza na betri, achana na ukuta kwanza

Volti 12 hazitakurusha. Ila betri ikipigwa shoti inatoa ampea nyingi sana, waya unakuwa mwekundu na plastiki inawaka, ndo maana fyuzi ya ampea 5 inakaa karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri na si mwishoni kwenye balbu. Vua pete na saa ya chuma, chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja kinapata moto sekunde hiyohiyo.

Hatua 2: Unga balbu iwake

Chanya ya betri, fyuzi, balbu, halafu rudi hasi. Kaza viungo vizuri, usishike waya kwa vidole tu maana kiungo kilicholegea nacho kina omu zake na vipimo vitacheza. Iache iwake kama dakika moja itulie.

Hatua 3: Pima volti juu ya balbu yenyewe

Waya mweusi wa mita kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la V. Swichi ya mita iweke 20 upande wa volti za DC. Sasa gusa vijiti kwenye miguu miwili ya balbu ikiwa inawaka. Usipime kwenye betri, pima kwenye balbu, kwa sababu waya na fyuzi njiani vinakula kidogo.

Tuseme umepata 12.3. Andika.

Hatua 4: Pima ampea, na hapa nenda taratibu

Volti inapimwa kwa kugusa pande mbili za kifaa, ampea inapimwa kwa kukata njia na kuingiza mita katikati ili umeme wote upite ndani ya mita. Zima, fungua kiungo kimoja, hamisha waya mwekundu wa mita kwenda tundu la 10A, geuza swichi ya mita kwenye 10A, halafu mita yenyewe iwe kama kipande cha waya kati ya fyuzi na balbu. Washa, soma haraka, zima.

Kwenye nyingi ya hizi mita ndogo pembeni ya tundu la 10A wameandika UNFUSED, maana yake ndani hakuna fyuzi ya kukuokoa, na wameweka kikomo cha sekunde chache tu. Ukiweka vijiti juu ya betri huku waya mwekundu uko kwenye 10A umepiga shoti betri kupitia mita. Ukifanya hivyo kwenye soketi ya ukutani ndo yale ya ile picha.

Tuseme umepata 1.72. Andika.

Ukiona balbu imefifia kidogo mita ilipoingia usishtuke, waya za hizi mita ni nyembamba na zenyewe zinakula volti kidogo. Mwenye mita mbili anapima vyote kwa mpigo na hiyo ndiyo namna bora kuliko zote. Mwenye moja apime volti, apime ampea, halafu arudie volti aone kama imebaki palepale.

Hatua 5: Rudisha waya mwekundu kwenye V sasa hivi

Nimeifanya hatua peke yake makusudi. Mimi mwenyewe mita yangu ya kwanza ilikufa hivi, nilipima ampea za betri vizuri kabisa, nikaiweka mezani, kesho yake nikaichukua kupima volti za betri ya gari bila kuangalia matundu. Ilipiga cheche, ncha ya kijiti ikaliwa kama imekatwa kwa tupa na harufu ya plastiki ikakaa chumbani mpaka jioni. Tangu hapo waya mwekundu haulali kwenye tundu la 10A hata dakika moja.

Hatua 6: Geuza vipimo viwe volti na ampea kamili

Kama mita ilikuwa kwenye 200m ikasoma 85, hiyo ni milliampea 85, gawanya kwa 1000 upate ampea 0.085. Watu wanaruka hapa halafu wanapata taa ya sola ya wati 1,000. Ukiona jibu lako limezidi au limepungua mara elfu kosa liko hapa, usihangaike kutafuta kwingine.

Hatua 7: Piga hesabu

Omu: 12.3 ÷ 1.72 = 7.15

Wati: 12.3 × 1.72 = 21.2

Balbu imeandikwa wati 21, umepata 21.2, safi. Hakiki kwa njia nyingine: 1.72 × 1.72 × 7.15 inatoa 21.2 tena. Zisipokubaliana ujue umekosea kubonyeza kalikuleta.

Hatua 8: Sasa pima omu za balbu hiyohiyo ikiwa baridi

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Toa balbu kabisa kwenye betri, iache ipoe, weka mita kwenye 200 ya omu, pima. Itakuja namba ndogo sana, karibu na omu 1 au chini yake, na humo humo zimo omu za waya za mita (gusanisha vijiti vyenyewe kwa wenyewe uone vinasoma ngapi, kisha toa). Hesabu ilisema 7.15. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Uzi wa ndani ya balbu ni tangsteni, ukiwaka unafika nyuzi joto zaidi ya 2,000, na metali ikipata moto omu zake zinapanda, huu wa balbu unapanda mara kumi na zaidi. Kwa hiyo balbu nzima ikiwa baridi inaonekana kama ina shoti. Wapo waliotupa balbu nzima kwa sababu hiyo.

Hita za jagi, pasi na jiko la koili ni tofauti. Waya wake ni nikromu, ukipata moto omu zinabadilika kidogo tu, kwa hiyo hizo ukizipima baridi (plagi ikiwa imechomolewa ukutani, naomba sana) unapata namba inayokaribiana na ya hesabu.

Hatua 9: Ukutani, kwa klempu

Kama hujawahi kugusa umeme wa nyumbani fanya hii ukiwa na fundi pembeni. Tanzania umeme wa kawaida ni volti 230, Kenya 240, na hizo zinaua.

Klempu inabana waya mmoja tu. Ukibana waya wote wa jagi, laivu na nyutro viko pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi vinafutana, mita inasoma sifuri. Tengeneza ekstensheni fupi ambayo ganda la nje limechunwa sehemu ndogo lakini zile nyaya tatu za ndani zimebaki na maganda yao mazima, kisha klempu iingie laivu peke yake. Ganda la ndani likijeruhiwa hata kidogo tupa, tengeneza nyingine.

Nitoe kazi moja niliyoifanya mwenyewe, ndo itakuonyesha hizi hesabu zinafaa nini. Mama mmoja anauza chai na chapati, analalamika jagi lake la wati 2000 linachemsha polepole sana, na fundi mmoja alishamwambia ni feki anunue jingine. Nikapima jioni jagi likiwa linafanya kazi: volti kwenye soketi 198, ampea 7.5.

Omu: 198 ÷ 7.5 = 26.4

Wati: 198 × 7.5 = 1,485

Ukiangalia wati tu utasema kweli feki. Lakini chukua omu 26.4 ujiulize, hili jagi likipewa volti 230 kamili lingetoa ngapi? 230 × 230 ÷ 26.4 = 2,004. Jagi ni zima kabisa! Shida ni volti. Na tofauti si ndogo, lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 25 mpaka kuchemka zinataka kama dakika nne na nusu kwa wati 2,000, kwa wati 1,485 ni dakika sita, na hapo sijahesabu joto linalopotea. Kwa mtu mwenye foleni ya wateja saa kumi na mbili asubuhi hiyo inauma.

Basi nikaenda kupima kwenye meni swichi jagi likiwa bado linawaka: volti 209. Kwa hiyo umeme wenyewe ulikuja mdogo, hilo si la kwake. Lakini kutoka meni swichi mpaka soketi zimepotea volti 11. Weka fomula zilezile:

Omu za njiani: 11 ÷ 7.5 = 1.47

Wati zinazopotea: 11 × 7.5 = 82.5

Wati 82 ni zaidi ya ile balbu ya zamani ya wati 60, na joto lote hilo liko ukutani. Nikazima meni swichi, nikafungua soketi. Skrubu ya nyutro ilikuwa inazunguka kwa kidole, plastiki ya nyuma imekuwa rangi ya kahawia, ganda la waya limekakamaa linavunjika ukilikunja. Tukakata sehemu iliyoungua, soketi mpya, skrubu ikakazwa. Kipimo baada ya hapo: volti 207, ampea 7.8, yani wati 1,615, na omu bado 26.5. Zile omu za jagi hazikuhama, ndo uthibitisho kwamba jagi halikuwa na kosa tangu mwanzo. Alikuwa amebakiza siku kadhaa anunue jagi jipya alichomeke kwenye soketi ileile inayoungua.

Huna klempu? Tumia mita ya LUKU

Mita ya umeme ina kitaa kinachopepesa, na usoni imeandikwa idadi ya kupepesa kwa yuniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani, hakikisha na friji, washa kifaa kimoja, hesabu kupepesa 10 kwa saa ya simu. Gawanya sekunde kwa 10.

Kwa mita ya 1000: wati = 3,600 ÷ sekunde za kupepesa kumoja.

Kupepesa 10 kwa sekunde 24 ni 2.4 kila kimoja, 3,600 ÷ 2.4 = wati 1,500. Kama mita yako si ya 1000, anza na 3,600,000, gawanya kwa namba iliyoandikwa, kisha gawanya kwa sekunde. Ukishapata wati na volti, ampea ya kitu cha kuchemsha au kupasha ni wati ÷ volti, na omu unazijua kuzipata.

Vitu ambavyo hizi hesabu zitakudanganya

Friji, feni, pampu, mashine ya kusaga, chochote chenye mota. Kwa AC, volti × ampea hapo haikupi wati halisi, inakupa namba kubwa zaidi, kwa sababu volti na ampea hazipandi na kushuka kwa pamoja. Inaitwa pawa fakta. Friji ikisoma volti 230 na ampea 0.9 utapata 207, lakini LUKU itakata kidogo kuliko hapo. Hiyo 207 usiitupe, itumie kuchagua inveta na unene wa waya, ila usiitumie kukisia yuniti.

Chaja za simu na taa za LED pia, volti ÷ ampea inakupa namba lakini haina maana yoyote, kile kifaa hakina omu moja iliyotulia.

Kwa watu wa sola nina moja tu, msidharau waya. Waya wa shaba wa mm² 1.5, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una kama omu 0.23. Ukipitisha ampea 5 zinapotea volti 1.15 na karibu wati 6. Kwenye volti 230 usingesikia, kwenye volti 12 ni karibu asilimia 10 ya umeme wako. Waya wa mm² 4 unashusha omu hadi 0.086 na upotevu hadi wati 2 hivi. Kama inveta inapiga kelele ya betri ndogo na betri imejaa, pima volti kwenye betri na kwenye inveta kwa wakati mmoja kabla hujamlaumu aliyekuuzia betri.

Mambo yakikataa

*Mita inaonyesha "1" peke yake kushoto.* Hiyo si namba moja. Maana yake kipimo kimezidi renji uliyoweka, panda renji ya juu. Kwenye omu ikibaki "1" hata renji ya juu kabisa, njia imekatika, hita au uzi umekufa.

*Ampea inasoma 0 na balbu haiwaki.* Angalia waya mwekundu uko tundu gani, halafu fyuzi ya ndani ya mita. Lile tundu la milliampea lina fyuzi ndogo, na kwa watu wanaojifunza nyingi huwa zimeshaungua bila wao kujua. Fungua kifuniko cha nyuma, pima fyuzi kwa omu.

*Balbu inawaka lakini ampea ni 0.* Mita haijaingia katikati ya njia, umeme unafika kwenye balbu bila kupita ndani ya mita. Ukiwa umeiweka sambamba na balbu, waya mwekundu ukiwa kwenye 10A ungepiga shoti na balbu ingezimika. Zima haraka.

*Kuna alama ya kutoa mbele ya namba.* Vijiti vimepishana chanya na hasi, namba yenyewe ni sahihi.

*Betri inasoma 12.6 ikiwa haina mzigo, ukiwasha balbu inaanguka hadi 9.* Balbu ya wati 21 haiwezi kuishusha betri nzima hivyo. Pima tena vijiti vikiwa juu ya vichwa vya betri vyenyewe, ikibaki 9 betri imechoka, ikirudi 12 kuna kiungo kibovu njiani kati ya betri na balbu.

*Omu zinarukaruka hazitulii.* Ncha zina kutu au vidole vyako vimegusa ncha zote mbili, hapo unapima na mwili wako. Kwenye omu kubwa inaharibu kipimo kabisa.

*Kila kitu kinasoma juu kuliko kawaida, hata betri mpya ya kidole ya volti 1.5 inakuja karibu 2.* Betri ya volti 9 ndani ya mita inaisha. Badilisha, kisha rudia vipimo vyote vya siku hiyo kuanzia hatua ya 3, vile vya mwanzo vifute kwenye daftari.